Kukariri vipande vya piano: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha piano na kinanda Dar es Salaam. Wanafunzi wangu ni watoto wa shule, wapiga kinanda wa kwaya, na watu wazima wachache wanaokuja jioni wakiwa wamechoka na kazi. Maswali haya nayajibu karibu kila wiki, nimeona bora niyaweke mahali pamoja. Mifano mingi nimeitoa kwenye Minueti ya G ya Christian Petzold, ile iliyomo kwenye daftari la Anna Magdalena Bach la mwaka 1725, ambayo kwa miaka mingi watu waliidhania kuwa ya mumewe, Johann Sebastian Bach. Wengi wanaojifunza piano huipitia, kwa hiyo huenda unayo nyumbani. Nikisema "kipimo" nina maana ya kile chumba kidogo cha noti kilicho kati ya mistari miwili ya wima.

Ni lazima nikariri?

Kwa mtihani, hapana. ABRSM, bodi ya Uingereza inayotahini hapa kwetu, Kenya na Uganda, haidai vipande vitoke kichwani wala haitoi alama za ziada kwa anayefanya hivyo. Skeli na apejio, yale mazoezi ya noti zinazopanda na kushuka, ndizo zinazotakiwa bila karatasi.

Hii desturi ya mpiga piano kupanda jukwaani mikono mitupu si ya kale kama watu wanavyodhani. Mwaka 1837, Clara Wieck, binti wa miaka kumi na saba aliyekuja kuwa Clara Schumann, alipopiga sonata ya Beethoven mjini Berlin bila karatasi, wapo waliomwona anajidai. Yeye na mpiga piano Franz Liszt ndio waliochangia zaidi kuifanya kuwa kawaida. Kwa hiyo ukikariri, kariri kwa sababu zako. Sababu yangu mimi ni ndogo tu: anayekariri vizuri hulazimika kukielewa kipande, na asiyekielewa hunaswa haraka.

Nyumbani napiga bila kukosea, mbele za watu vidole vinagoma. Nina tatizo gani?

Huna tatizo. Una kumbukumbu ya aina moja tu, ya vidole.

Ukirudia kitu mara hamsini, vidole vinazoea njia. Kila noti inaitwa na ile iliyotangulia, kama mtoto anayetaja herufi: muulize baada ya "n" inakuja nini, ataanzia "a, be, che" kimoyomoyo mpaka afike. Mnyororo huo ni mtamu kwa sababu unakuja wenyewe, bila kuutafuta. Ubaya wake ni kwamba pete moja ikikatika, zote zinazofuata zinaanguka. Na mbele za watu kuna mengi ya kuikata: kiti kirefu kuliko chako, piano nzito kuliko kibodi ya nyumbani, mtoto anayelia safu ya tatu, na ile sauti ya ndani inayouliza "hivi kinachofuata ni nini?" katikati ya kazi.

Nilijifunza hili kwa aibu. Mwanafunzi wangu alikuwa anapiga ukumbini kwa kibodi ya umeme, amefika kama kipimo cha ishirini, umeme ukakatika. Jenereta likawashwa baada ya dakika moja hivi, watu wakampigia makofi kumtia moyo. Akaweka mikono. Akaiondoa. Akaiweka tena, akanitazama. Hakujua aanzie wapi. Ilibidi arudi mwanzo kabisa, na wiki nzima alikuwa amekipiga bila kosa hata moja. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu katika miezi miwili sikuwahi kumwambia hata siku moja: "Leo anzia katikati."

Tangu siku hiyo, kwangu kipande hakijakaririwa mpaka mtu aweze kukianza mahali popote ninapomtajia. Mengine yote utakayosoma hapa chini ni njia za kufika hapo.

Nitajuaje kama nimekariri kweli au ni vidole tu?

Jaribu mambo matatu leo hii. Piga kwa nusu ya mwendo, bila pedali. Kumbukumbu ya vidole inategemea kasi. Ukiipunguza, inapotea kama mtu anayeambiwa aeleze kila hatua anapofunga kamba za viatu. Kisha piga mkono wa kushoto peke yake. Tatu, funga macho, mwambie mtu ataje namba yoyote ya kipimo. Wengi huanguka kwenye jaribio la pili, tena watu wanaopiga vizuri. Usivunjike moyo.

Nianzie wapi, basi?

Kabla ya kugusa piano, kaa na karatasi na penseli, utafute maumbo. Hapa ndipo penye kazi yote, na ndipo wanafunzi wanapopenda kuruka.

Chukua minueti yetu, mkono wa kulia, vipimo kumi na sita vya kwanza. Ukizihesabu noti moja moja bila mapambo ni 64. Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani George Miller aliandika kwamba akili hushika kama vitu saba kwa mkupuo, na kwamba siri ni kuvifunga vitu vidogo vidogo viwe fungu moja. Noti 64 hazishikiki. Sasa zitazame kwa do-re-mi, kii ya G (yaani noti ya nyumbani ni G) ikiwa do:

Sol, do re mi fa, sol do do.
La, fa sol la ti, do do do.

Mistari miwili, umbo moja: noti ndefu, ngazi ya noti nne kwenda juu, unafika kileleni, unadondokea kwenye do ileile mara mbili. Ya pili imepanda zaidi kuliko ya kwanza, basi. Halafu:

Fa sol fa mi re. Mi fa mi re do.

Umbo jingine, limeteremshwa ngazi moja. Baada ya hapo, kipimo cha saba, inakuja "ti do re mi do", na kipimo cha nane inatua kwenye re. Inabaki hewani, kama mtu aliyeuliza swali.

Vipimo vya tisa hadi kumi na nne ni vilevile kabisa kama cha kwanza hadi cha sita. Lakini cha kumi na tano hakiendi "ti do re mi do". Kinakwenda "re mi re do ti", kisha do. Yaani mara ya kwanza ile ngazi ya kushuka, fa kisha mi, inavunjwa njiani. Mara ya pili inaendelea, fa, mi, re, mpaka nyumbani. Ukishaliona hilo, noti 64 zimekuwa maumbo mawili, swali moja na jibu moja. Unaweza kumweleza mtu kwenye simu naye akakipiga.

Nimewaona watu wakirudia vipimo hivi kumi na sita kwa wiki mbili bila kujua kwamba nusu ya pili ya mkono wa kulia ni karibu ileile ya kwanza.

Mara nyingi najikuta narudi mwanzo bila kutaka, au naruka ukurasa mzima. Kwa nini?

Umefika njia panda na hukujua kwamba ni njia panda. Kwenye minueti ipo mwisho wa kipimo cha sita na cha kumi na nne: mkono wa kulia noti ni zilezile, lakini kimoja kinakwenda "ti" na kingine kinakwenda "re". Vidole havihesabu. Vyenyewe vinajua "baada ya mi fa mi re do", halafu vinachagua njia iliyozoeleka zaidi. Ndiyo maana mtu anaweza kuzunguka mle ndani mara tatu kama aliyepotea Kariakoo.

Aliyepita madrasa analijua hili kuliko mimi. Katika Surat Rahman ile aya ya "Fabi-ayyi alaai Rabbikuma tukadhibaan" inarudi mara 31. Anayehifadhi Kurani hapati shida na aya hiyo. Shida ni inayofuata. Walimu wa hifdhi hukazia zile sehemu zinazofanana: hapa inasemwa hivi, kule inasemwa vile. Wanafunzi wangu waliohifadhi hata juzuu mbili tatu huelewa njia panda za muziki siku ya kwanza, wengine inawachukua muda.

Cha kufanya: toa kila njia panda nje ya kipande. Ziweke pembeni, zipige kwa kufuatana, ya kwanza, ya pili, ya kwanza, ya pili, ukitaja kwa sauti tofauti yake. "Naenda swali." "Naenda nyumbani." Kwenye Für Elise ya Beethoven, ile sehemu ya mwanzo inarudi tena na tena, na kila ikiisha inakupeleka mahali tofauti: kwanza kwenye sehemu ya wimbo laini, baadaye kwenye ile yenye A inayogongwagongwa chini mkono wa kushoto. Usikumbuke sehemu ya mwanzo tu, kumbuka ni ya mara ya ngapi. Mimi huwaambia watoto wahesabu kwa kidole cha mguu ndani ya kiatu. Wanacheka, lakini wanafanya.

Ni vizuri kukariri kila mkono peke yake?

Wa kushoto, ndiyo, bila mjadala. Sikio hufuata wimbo ulio juu, kwa hiyo mkono wa kulia hujikariri wenyewe huku wa kushoto ukiburutwa nyuma kama tela. Siku wa kulia ukiteleza, wa kushoto nao hauna pa kushika. Ukikaririwa peke yake, unaendelea kutembea, na wa kulia unadandia tena.

Jambo dogo linalosahaulika: amua vidole mapema na uandike namba zake. Ukitumia kidole cha tatu leo na cha nne kesho, unaifundisha mikono nyimbo mbili tofauti.

Vituo ni nini? Nimesikia ukivitaja.

Ni mahali unapoweza kuanzia bila kuvuta pumzi. Kwenye kipande cha kurasa mbili weka kama vituo nane, kila mahali sentensi ya muziki inapoanza, uvipe herufi kwa penseli. Kisha anza kukariri kutoka kituo cha mwisho. Ukikishika hicho cha H, rudi G ukipige mpaka mwisho, halafu F, hivyo hivyo kurudi nyuma. Sababu ni rahisi: anayeanzia mwanzo kila siku huwa amepiga ukurasa wa kwanza mara mia na wa mwisho mara kumi, na hofu jukwaani huongezeka kadiri unavyosogea kwenye sehemu usiyoijua vizuri. Ukianzia nyuma, kila hatua inakupeleka kwenye ardhi unayoijua zaidi.

Mwishoni andika herufi kwenye vikaratasi, vikunje, vitie kwenye kikombe. Toa kimoja, piga kituo hicho. Nyumbani kwangu kikombe hicho kipo juu ya piano na hakuna anayeruhusiwa kukinywea chai.

Sina piano nyumbani. Napata saa moja kanisani kwa wiki, basi.

Unaweza kuwa na bahati kuliko unavyofikiri. Mjerumani Karl Leimer alimfundisha mpiga piano Walter Gieseking kusoma karatasi mpaka aione yote kichwani kabla ya kuigusa piano, na Gieseking alijulikana dunia nzima kwa uwezo huo. Sisi wengine hatuanzi na kurasa. Anza na vipimo vinne. Kwenye daladala toka Mbagala mpaka Posta, foleni ikisimama, fungua karatasi, visome, funga karatasi. Visikie. Viweke vidole juu ya paja lako uone vitufe, vyeupe na vyeusi, mkono uko wapi. Pale picha inapokuwa na ukungu ndipo usipopajua. Fungua tena uangalie hapo tu.

Kazi hii inachosha kichwa vibaya sana. Dakika kumi zinatosha. Lakini kilichokaririwa hivi hakitegemei vidole hata kidogo, na ile saa moja ya kanisani inakuwa ya kupima, si ya kutafuta noti.

Mimi nimelelewa na kwaya, nasoma sol-fa na kupiga kwa sikio. Nimechelewa?

Umetangulia. Mtu anayeweza kuimba sauti ya nne huku wenzake wakiimba ya kwanza tayari ana nusu ya kazi. Imba kila mstari wa kipande chako kwa do-re-mi, besi pia, hata kwa sauti mbovu. Usichoweza kukiimba, hujakikariri bado.

Angalizo moja. Sikio hukwambia wimbo unaelekea wapi, lakini linapokosa halioni haya kutunga. Wapiga kinanda wa kwaya wakisahau hujaza kwa kodi yoyote inayofaa na ibada inaendelea. (Nazungumzia kodi za muziki, noti kadhaa zinazopigwa pamoja, si zile za mamlaka ya mapato, TRA.) Ni ustadi mkubwa, nauheshimu. Kwa Petzold, hata hivyo, rudi kwenye karatasi kila wiki, la sivyo baada ya mwezi utakuwa unapiga kipande chako mwenyewe.

Nifanye mazoezi kwa muda gani kwa siku?

Kidogo, mara nyingi, na ulale katikati. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, alionyesha mwaka 1885 kwamba tunasahau kwa kasi sana katika saa za mwanzo, kisha kasi inapungua. Na kwamba marudio yaliyotawanywa kwa siku kadhaa hushinda yaliyolundikwa pamoja. Dakika ishirini asubuhi na ishirini jioni ni bora kuliko saa mbili za Jumamosi.

Asubuhi, kabla ya kuangalia karatasi, jaribu kukumbuka. Utakosea. Ule ugumu wa kukumbuka ndio unaokaza. Wengi wakiona ugumu hukimbilia karatasi mara moja, na kwa hiyo hufanya mazoezi ya kusoma huku wakidhani wanakariri.

Zile video zenye vijiti vya rangi vinavyoshuka kwenye vitufe zinafaa?

Kwa kukariri, hapana. Zinakufundisha kitufe cha kubonyeza, hazikuonyeshi kwamba mkono wa kulia kipimo cha tisa ni kilekile cha kwanza. Nimepokea vijana watatu waliojifunza vipande vikubwa kwa njia hiyo. Wote walipiga kwa kasi ya kutisha, na hakuna aliyeweza kuanzia katikati.

Niangalie mikono au nisiangalie?

Kwenye miruko mikubwa angalia. Kwingine zoea vyote viwili, kwa sababu anayekariri kwa macho tu hupotea taa za ukumbi zikibadilika.

Vipi kuhusu fuga za Bach?

Hapo hakuna njia ya mkato. Fuga ni kipande ambacho sauti kadhaa huingia moja baada ya nyingine kwa wazo moja kuu. Sauti zinapokezana kati ya mikono, wimbo wa juu wa kujishikiza haupo, na vidole vikijichanganya hakuna pa kujificha. Piga kila sauti peke yake kwa vidole vilevile utakavyotumia mwisho. Kisha piga moja huku ukiimba nyingine. Pia weka alama kila mahali wazo kuu linapoingia, katika sauti ipi na kwa kii gani. Hizo ndizo vituo vyako. Ukimaliza hivyo kwa inventio moja, kipande kifupi cha Bach cha sauti mbili, utakuwa umejifunza zaidi ya vipande kumi vya kawaida. Wengi huacha njiani, na siwalaumu.

Nikisahau katikati ya jukwaa nifanye nini?

Usirudi nyuma. Ruka mbele kwenye kituo kinachofuata. Wasikilizaji wengi hawataligundua pengo, lakini wote wataligundua pigo lililorudiwa mara tatu. Hili nalo hufanyiwa mazoezi: nyumbani, mtu apige makofi ghafla, wewe uruke.

Miaka ya 1990 mjini Amsterdam, mpiga piano Mreno Maria João Pires alikaa kwenye piano akiwa amejiandaa kwa konseto (kipande cha piano na okestra) moja ya Mozart, okestra chini ya Riccardo Chailly ikaanza nyingine, ile ya D maina. Picha za video zipo: unamwona anashika kichwa, anamwambia kiongozi kwamba siyo hii, naye anamjibu huku akiendelea kuongoza. Utangulizi wa okestra ni wa dakika mbili na ushei. Zilimtosha. Zamu yake ilipofika aliingia, akapiga. Konseto hiyo alishaipiga zamani, na ilikuwa bado ipo.

Nina miaka hamsini na mbili. Kichwa changu bado kinaweza?

Kinaweza. Watoto hushika haraka kwa vidole, watu wazima huona maumbo haraka zaidi. Shida kubwa ya watu wazima ninaowafundisha ni aibu. Wanaogopa kukosea mbele ya mwalimu aliye mdogo kwao.

Je, ni udhaifu kupiga na karatasi mbele ya watu?

Sviatoslav Richter, mmoja wa wapiga piano wakubwa wa karne iliyopita, alipozeeka alipiga huku noti ziko mbele yake, ukumbi umezimwa taa zote, imebaki taa ndogo tu juu ya kurasa. Watu walijaza kumbi hizo. Ukiwa mpiga kinanda wa ibada mwenye nyimbo mpya tano kila Jumapili, weka karatasi na usiombe radhi.

Vipande vya zamani vinayeyuka nikijifunza vipya. Nivitunzeje?

Kwa muraja'a, yaani kupitia tena ulichokwisha hifadhi, kama wanavyofanya walimu wa hifdhi: cha jana, cha wiki jana, cha zamani. Andika orodha ya vipande vyako, kila siku piga kimoja kutoka kwenye orodha mara moja tu, polepole, kabla ya kuanza kazi mpya. Usipige mara tano. Ukikwama, fungua karatasi, tafuta kituo kilichooza, kitengeneze hicho peke yake, funga.

Vipande vinavyokuchosha vitoe kwenye orodha. Mimi nina kumi na moja tu, na minueti ya Petzold ni ya tatu. Jana jioni nimeipiga nikakwama kipimo cha kumi na tano.